Intavyuu ya kazi: maswali mnayouliza kila siku na majibu yake

Nimekaa pande zote mbili za meza, nimesailiwa mara nyingi na kwa miaka kadhaa nimekuwa nakaa kwenye paneli nasaili wengine, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kuona mtu anayeijua kazi kabisa anatoka mule ndani bila kusema hata jambo moja alilowahi kulifanya kwa mikono yake. Watu wanakariri majibu matamu wakati wale waliokaa mbele yao wanatafuta mambo yao ya kweli. Ndo maana majibu mengi hapa chini utaona yanarudi hapohapo.

Nimeitwa intavyuu na nina siku tatu tu. Nianzie wapi?

Anza na tangazo la kazi, yale "maswali 50 ya intavyuu" ya mtandaoni yasubiri kwanza. Kama hukulihifadhi litafute leo hii ulipige picha, manake matangazo mengi yanaondolewa dedlaini ikishapita na utabaki unakisia waliandika nini. Chukua karatasi, ipige mstari katikati, kushoto andika kila jukumu walilotaja, kulia andika ni lini wewe ulishawahi kufanya kitu kama hicho hata kama kilikuwa kidogo. Wameandika "kuandaa ripoti za kila mwezi"? Kulia unaandika: nilikuwa nakusanya mauzo ya matawi manne kila tarehe 28, nayapanga kwenye Excel, bosi anaipata kabla ya tarehe 1. Basi, hivo tu, usiandike insha. Zile sehemu za kulia zitakazobaki tupu ndo utakazobanwa nazo, kwahiyo muda wako mwingi upeleke huko.

Halafu mwaliko ujibu, usikae kimya. Sema utafika, na uliza kama ni ana kwa ana au mtandaoni, utaonana na watu wangapi na wana vyeo gani, na kama kuna mtihani wa kuandika. Watu wanaogopa kuuliza haya wakidhani wataonekana wasumbufu, kumbe kwa upande wetu mtu akiuliza hivo tunamwona yuko makini.

Kampuni niichunguze kiasi gani?

Kiasi cha kuweza kumweleza mdogo wako hiyo kampuni inauza nini, nani anailipa, na kazi unayoomba inagusa wapi katika hiyo safari ya hela. Ukiongeza na jambo moja la karibuni, labda wamefungua tawi au wametoa huduma mpya, inatosha kabisa. Mwaka walioanzishwa na majina ya wakurugenzi wote wala usijichoshe kuyakariri, sijawahi kuona mtu anapata kazi kwa hayo.

"Tuambie kuhusu wewe". Nianzie kuzaliwa?

Hapana. Sivii yako wanayo mezani. Hapo wanataka dakika moja na nusu hivi: sasa hivi unafanya nini, ulitokea wapi kikazi, na kwa nini umekuja kwao. Kwa mfano:

"Kwa sasa ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya usafirishaji, kazi yangu kubwa ni kulinganisha malipo ya wateja na taarifa za benki kila wiki. Kabla ya hapo nilikuwa keshia miaka miwili na ndo nilikoanza kupenda mambo ya kufunga hesabu. Nimeomba hapa kwa sababu tangazo lenu linasema mnahamia kwenye mfumo mpya wa uhasibu, na mimi hiyo shughuli nimeshaipitia mara moja, najua panapouma."

Ukishasema hivo nyamaza. Wengi wanaharibia mwishoni, wamemaliza vizuri kabisa halafu wakiona kimya wanaanza kuongeza mambo ya shule ya msingi.

Haya maswali ya "toa mfano wa wakati ambapo..." yanajibiwaje? Huwa naganda.

Hili ndo swali kubwa kuliko yote humu, nalijibu kwa kirefu.

Wanachotaka ni tukio moja. Sio maoni yako kuhusu kazi ya pamoja wala kwamba wewe ni mtu wa kujituma. Tukio, lenye siku yake na watu wake. Mpangilio unaosaidia ni huu, kwanza hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa kufanya nini, ukafanya nini hatua kwa hatua, na ikaishaje. Hali na jukumu ni sentensi mbili tatu tu, muda wote uliobaki upeleke kwenye ulichofanya, kisha malizia na matokeo.

Niwape mfano mmoja nilioushuhudia. Kijana mmoja alikuja kuomba kazi ya stoo, tukamwambia atupe mfano wa tatizo alilowahi kulitatua. Akasema: "Tulikuwa na changamoto ya mzigo kutolingana, tukakaa kama timu, tukaweka mikakati, hali ikawa nzuri." Kwisha. Tukaangaliana. Nikamuuliza, sawa, lakini wewe mwenyewe ulifanya nini? Akafikiri kidogo halafu akasema daftari lilikuwa linaonyesha katoni 40 zaidi ya zilizokuwa kwenye rafu, kila mtu anahisi kuna wizi, yeye akabaki jioni tatu mfululizo anahesabu na kufuata karatasi moja moja, mpaka akagundua mizigo inayorudishwa na wateja inaingizwa mara mbili, mara ya kwanza getini na mara ya pili stoo. Akapendekeza getini waache kuingiza, wawe wanasaini tu kwenye daftari la marejesho, na hesabu ya mwezi uliofuata ikafunga. Yaani huyu mtu aliokoa wenzake kuitwa wezi, na alikuwa anakaribia kutoka mule ndani bila kulisema hilo!

Angalieni kilichomfunika ni nini: "tu". Tulikaa, tukaweka, tukafanya. Lugha yetu inatufundisha kutojisifu na ni jambo zuri mtaani, ila kwenye intavyuu paneli haimwajiri "sisi", inakuajiri wewe. Na kuna nyingine mbaya zaidi, "ilifanyika", "ilionekana", "ikaamuliwa", hapo hata watu hawapo, kazi imejifanya yenyewe. Ukiwa unajiandaa sikiliza vitenzi vyako. Kama ulifanya wewe sema nilihesabu, nilipiga simu, nilimwambia meneja. Kama mlikuwa wengi sema mlikuwa wengi halafu useme kipande chako kilikuwa kipi, huo ni ukweli tu na hakuna atakayekuona unajikweza.

Andaa matukio sita au saba ya namna hiyo: ulipokosea, ulipogombana na mwenzako wa kazini, ulipobanwa na muda, ulipojifunza kitu kutoka sifuri, ulipomhudumia mteja mwenye hasira, ulipoongoza watu hata wawili. Tukio moja linaweza kujibu maswali matatu tofauti, lile la katoni linafaa kwa "tatizo ulilotatua", linafaa kwa "umakini", linafaa hata kwa "ulishawahi kubadilisha utaratibu kazini". Usiyakariri neno kwa neno. Kariri namba, na kariri jinsi lilivyoisha.

Mimi ndo nimemaliza chuo, sina uzoefu wowote. Nitasimulia nini?

Uzoefu wa ajira huna, uzoefu wa kufanya mambo unao. Ulipokuwa mafunzo kwa vitendo ulipewa nini ukafanya? Mradi wa mwisho wa chuo nani aliwafuatilia wale wasioleta sehemu zao? Kama ulitunza hela za kikundi ukatoa mahesabu, kama ulikuwa unasaidia biashara ya nyumbani siku za likizo, kama ulijitolea mahali, yote hayo yana tukio ndani yake. Mtu anayemwajiri asiye na uzoefu anajua hana, sivii ameshaisoma, na bado amemwita. Anachotaka kuona ni kama ukipewa kitu unakifuatilia mpaka mwisho na kama unafundishika, kwahiyo kuanza na "samahani sina uzoefu" ni kumkumbusha kitu alichokwisha kukubali.

Udhaifu wangu niseme nini?

Wa kweli, usioua hiyo kazi, na unaoufanyia kitu. "Mimi nafanya kazi kupita kiasi" wasaili wote wameshaisikia na hakuna anayeandika chochote. Bora useme: nilikuwa nachelewa kuomba msaada, nakaa na tatizo siku nzima, sasa nimejiwekea kwamba nikikwama saa moja lazima nimuulize mtu.

Nina pengo la mwaka mzima kwenye sivii, na kazi ya mwisho niliachishwa. Nifiche?

Usifiche. Mwajiri wa zamani anaweza kupigiwa simu, na uongo ukijulikana hata baada ya kuajiriwa unaweza kukutoa. Ila pia hudaiwi hadithi nzima ya maumivu yako. Sentensi mbili zinatosha, ya kilichotokea na ya kilichofuata. "Kampuni ilipunguza watu na nafasi yangu ikawa mojawapo, tangu hapo nimemaliza kozi ya takwimu na nimekuwa nafanya vibarua vya uhasibu." Au: "Nilikuwa namuuguza mzazi, hilo limeisha na niko tayari kufanya kazi." Kama uliachishwa kwa kosa lako sema kosa kwa jina lake, sema ulichobadilisha, basi. Kinachotutia wasiwasi sio pengo lenyewe, ni mtu anapoanza kuzungukazunguka.

Na bosi wa zamani usimseme vibaya, hata kama alikutesa na una haki zote za kulalamika. Wale watu hawamjui, wanaona tu wewe unavyomzungumzia mtu asiyekuwepo.

Mshahara wakiniuliza nataja kiasi gani?

Kabla hujaenda tafuta kazi kama hiyo inalipwaje, uliza watu walio kwenye fani, angalia matangazo mengine yanayotaja. Ukiulizwa mapema sana unaweza kuwarudishia kwa heshima, "mmetenga kiwango gani kwa nafasi hii?", na mara nyingi wanasema. Wakisisitiza taja kiwango cha kuanzia na cha juu, ila hakikisha kile cha chini unaweza kuishi nacho kwelikweli kwa sababu ndo wanachokisikia. Na taja kabisa kama unaongelea kabla ya makato au ya kuingia mkononi, hapo watu wameumia sana.

Kuhusu kuulizwa "kazi ya zamani ulikuwa unalipwa ngapi", kuna sehemu swali hilo limekatazwa kisheria, kwa mfano jimbo la California kule Marekani tangu Januari 2018, kwa sababu mtu aliyepunjwa mara moja anaendelea kupunjwa kila anakokwenda. Kama kwenu halijakatazwa bado unaweza kusema ungependa kuongelea thamani ya kazi hii mpya. Uongo wa kupandisha usiseme, wanaweza kudai hati ya mshahara.

Wakiniuliza kama nimeolewa, kama nina mimba, au dini yangu?

Dada zangu ndo mnaulizwa zaidi hili na inaniuma sana. Nchi nyingi zina sheria ya kuzuia ubaguzi kazini. Marekani wana sheria ya haki za raia ya 1964 inayokataza kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili yake, na Uingereza sheria yao ya usawa ya 2010 kwa kawaida inamzuia mwajiri kuuliza mambo ya afya yako kabla hajakupa kazi. Isome ya kwenu kabla hujaenda.

Ila mule ndani huna wakili, una sekunde tatu tu. Mara nyingi nyuma ya swali kuna wasiwasi wa kikazi, jibu ule wasiwasi: "Kama ni suala la muda wa kazi na safari, niliona kwenye tangazo na naweza kuutimiza." Halafu ukitoka jiulize kama unataka kufanya kazi na watu wanaouliza hivo. Kukataa kazi kwa sababu hiyo ni halali kabisa.

Je, yale maswali ya mafumbo, kama mipira mingapi inajaa kwenye basi?

Yamepungua. Google walikuwa maarufu kwa hayo, na mwaka 2013 Laszlo Bock aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu pale alisema wazi kwamba yalikuwa kupoteza muda, hayatabiri chochote. Ukikutana nalo fikiri kwa sauti, kadiria, onyesha hesabu yako. Jibu lenyewe hata wao hawalijui.

Kwenye paneli kuna mmoja alikuwa amenuna anaandika tu, hakunitazama. Nimeshakosa?

Hapana jamani, hili linawanyima watu usingizi bure. Sehemu nyingi kila msaili ana fomu, maswali ni yaleyale kwa kila mtu na kila jibu lina alama zake, kwahiyo yule anayeandika kwa bidii pengine ndo anayekujazia alama. Na kuna sababu wanafanya hivo. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipitia matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu kuchagua wafanyakazi, na intavyuu yenye maswali yaliyopangwa ikaonekana inatabiri utendaji wa mtu kuliko ile ya kupiga stori tu. Kwahiyo huyo mtu anaweza kuwa ameambiwa asitabasamu kwa mmoja akamnunia mwingine. Wewe anza na aliyeuliza, kisha zungusha macho kwa wote ukiwa unajibu, na huyo aliyenuna pia.

Natetemeka na nasahau kila kitu. Nifanyeje?

Fanya mazoezi kwa sauti. Narudia, kwa sauti! Jibu lililoko kichwani linaonekana limekamilika, ukilitoa mdomoni ndo unagundua halina mwisho. Weka simu mezani, jirekodi ukijibu swali moja, sikiliza, rudia. Utajichukia mara ya kwanza, kila mtu anajichukia, mara ya tatu utaanza kusikia pale unapokimbia na pale unaposema "yaani yaani". Ukiweza mtafute rafiki akuulize na akubane: "kwa nini?", "halafu?", "wewe hapo ulifanya nini?"

Siku yenyewe, ukiulizwa na kichwa kikawa cheupe, sema "naomba nifikirie kidogo" na ufikirie kweli. Sekunde kumi za kimya kwako ni kama mwaka, kwetu ni muda wa kumalizia kuandika jibu lililopita. Hujaelewa swali? Omba lirudiwe. Unaweza pia kwenda na kidaftari chenye maneno machache ya kukukumbusha matukio yako, kichungulie tu, usisome.

Intavyuu ni kwa Kiingereza na kinanipa shida.

Sentensi fupi. Matukio yako sita yaseme kwa hicho Kiingereza mara nyingi mpaka ulimi uzoee yale maneno ya kazi yako, manake huko ndo utakwama, sio kwenye salamu. Kosa la sarufi halimfukuzi mtu kwenye kazi nyingi, ila ukitafuta maneno makubwa ukapotea katikati tunapoteza tukio lenyewe.

Nivae nini?

Safi, iliyopigwa pasi, na hatua moja juu ya wanavyovaa wafanyakazi wao siku ya kawaida. Viatu uwe umeshavitembelea kabla.

Ya mtandaoni ina tofauti gani?

Matatizo yake ni ya vifaa. Jaribu linki jana yake, chaji ijae, bando liwepo, mwanga utoke mbele yako na sio dirishani nyuma, kamera iwe usawa wa macho hata kwa kupandisha laptopu juu ya vitabu. Angalia jina linaloonekana kwenye akaunti yako. Na omba namba ya simu ya mtu mmoja mapema, ili mtandao ukikatika upige ndani ya dakika moja.

Akili bandia itumie kujiandaa, ikuulize maswali na ikubane. Kusoma majibu yake wakati wa intavyuu tunaona, macho yanakwenda kushoto kulia kama mtu anasoma gazeti, na swali la pili la "hebu tueleze zaidi hapo" linamaliza kila kitu.

"Una swali lolote kwetu?" Nikisema sina ni vibaya?

Sio vibaya sana ila ni nafasi umeiacha. Mimi napenda mtu akiuliza hili: "Miezi mitatu ya mwanzo mtu wa nafasi hii anatakiwa awe amefanikisha nini?" Jibu lake litakusaidia pia kuamua kama unaitaka hiyo kazi. Uliza na hatua inayofuata ni lini.

Wameniomba hela ya fomu kabla ya intavyuu.

Usitume. Matapeli hao. Mwajiri anayetafuta mfanyakazi hamtozi mtu ili amsikilize.

Imeisha, nitume ujumbe? Na wakikaa kimya?

Tuma siku hiyohiyo au kesho yake, mistari mitatu, shukuru na utaje jambo moja mliloongea. Tarehe waliyosema ikipita, subiri siku chache za kazi, uliza mara moja. Wakati huo endelea kuomba kwingine, usisimamishe maisha.

Nimekosa. Naweza kuuliza kwa nini?

Unaweza, na uandike hivi:

"Asanteni kwa kunijulisha na kwa muda mlionipa. Kama inawezekana ningeshukuru kujua ni swali au eneo gani nilipaswa kulijibu vizuri zaidi, ili nijiandae kwa nafasi nyingine."

Wengine hawatajibu, sera zao haziwaruhusu. Akijibu mmoja, chukua ile karatasi yako yenye mstari katikati na uandike alichosema upande wa kulia, palepale palipokuwa tupu.